Kichupa kinacholia mkobani

Mtambile, kisiwani Pemba, ni njia panda. Anayetoka Chake Chake kwenda Mkoani hana budi kuipita, na hapo hapo ndipo zinapochepuka barabara za Kengeja, Mwambe na Kangani, upande wa vijiji ambavyo wanaume wake wameishi kwa bahari tangu barabara hizo hazijatiwa lami. Alfajiri utamkuta mtu amesimama kando ya njia na mkoba mmoja, anangoja gari ya bandarini. Ukimsalimia na kumuuliza safari ya wapi, atakujibu kwa neno moja: dago, yaani kambi ya wavuvi. Au Tanga. Au Bara. Na wewe, kwa adabu, hutauliza la pili.

Makala hii inahusu hilo la pili lisiloulizwa.

Kwa miaka kadhaa sasa ipo dawa ambayo mtu asiye na virusi vya UKIMWI huimeza ili asiambukizwe. Wahudumu wa afya huiita PrEP, na kwa Kiswahili imezoeleka kuitwa dawa kinga. Inapotajwa mbele ya watu wazima, iwe barazani kwenye kahawa au chini ya mkarafuu, la kwanza kuulizwa huwa si la kitabibu. Watu wanataka kujua: mwanamume akishahakikishiwa kwamba haambukizwi, kipi kitamzuia? Yuko mbali na mkewe, pesa ya samaki iko mkononi, na sasa ana kidonge. Si ndiyo tumempa ruhusa?

Nalichukua swali hili kwa uzito wake. Aliyekulia katika jamii hii anajua limetoka wapi. Limetoka kwa wazazi wanaowapeleka watoto madrasa kabla hawajaingia skuli, ambao kwao kumcha Mungu ndiyo kinga ya mwanzo, na wanaogopa isije ikapokonywa nafasi yake na kopo la vidonge. Si haki kuwapuuza. Lakini hofu hiyo inaweza kupimwa. Na imepimwa, tena hapa hapa Afrika Mashariki, kwa wanaume wenye wake na mashamba.

Kwanza dawa yenyewe. Kidonge kinachotumika zaidi kina dawa mbili ndani yake, tenofovir na emtrisitabini, ndugu wa zile wanazotumia watu wanaoishi na VVU. Virusi vikiingia mwilini hutafuta chembe nyeupe za damu ili vijinakili humo. Vikikuta dawa imeshatangulia, vinashindwa kujinakili na maambukizi hayashiki. Uzito wote umo katika hilo neno "imeshatangulia". Kidonge kilichobaki koponi hakimkingi mtu, na cha juzi hakifidii cha leo. Tena kinga hiyo ni ya VVU peke yake. Kaswende, kisonono, klamidia na mimba zinapita kama kawaida, kwa hiyo kondomu haijastaafishwa. Kabla ya kuanza, mtu hupimwa VVU, kwa sababu aliyekwisha kuambukizwa anahitaji matibabu kamili. Akimeza dawa kinga peke yake, virusi vyake vinaweza kujifunza kuistahimili. Huangaliwa pia figo na homa ya ini aina ya B. Baada ya hapo hurudi kupimwa kila miezi 3.

Marekani iliidhinisha matumizi haya Julai 2012, na Shirika la Afya Duniani likayapendekeza kwa wote walio katika hatari kubwa mwaka 2015. Kenya ilizindua huduma hiyo kitaifa Mei 2017, pamoja na kaulimbiu ya Jipende JiPrEP. Tanzania ilianza kwa majaribio na kupanua baadaye, ikiwalenga zaidi wale walio hatarini kuliko wengine.

Sasa turudi kwenye ruhusa.

Kati ya mwaka 2008 na 2011 ulifanyika utafiti mkubwa Kenya na Uganda ulioitwa Partners PrEP. Uliwafuata wanandoa na wapenzi jozi 4,747, katika kila jozi mmoja akiwa na VVU na mwenzake hana. Vituo vilikuwa 9, vikiwemo Thika, Kisumu na Eldoret, na ng'ambo ya mpaka Jinja, Mbale na Tororo. Katika jozi hizo, aliyekuwa hana virusi mara nyingi alikuwa mume. Baadhi walipewa dawa na wengine vidonge visivyo na dawa, na hakuna aliyejua kapewa kipi. Waliopewa vidonge vyenye dawa mbili, maambukizi yao yalikuwa chini kwa asilimia 75 ukilinganisha na wenzao waliokuwa wakimeza vidonge vitupu.

Lakini kilichonivutia mimi ni kilichotokea Julai 2011. Matokeo yalikuwa wazi mno hata ikaonekana haifai kuendelea kuwapa watu vidonge vitupu. Washiriki wakaambiwa ukweli: dawa inafanya kazi, na unayomeza sasa ni yenyewe. Hapo ndipo hofu ya barazani ilipopata mtihani wake. Jana mtu alikuwa hajui kama amekingwa, leo anajua. Je, atabadilika?

Mtafiti kutoka Uganda, Kenneth Mugwanya, na wenzake walikaa na hesabu za watu zaidi ya 3,000 wasio na virusi, karibu theluthi mbili wakiwa wanaume, wakalinganisha miezi 12 kabla ya siku ile na miezi 12 baada yake. Kwa upande wa ndoa hakuna kilichoruka. Kukutana bila kondomu na mwenzi mwenye VVU kulikuwa kunapungua kabla, na kukaendelea kupungua. Nje ya ndoa kuliongezeka kidogo: kwa wastani mara 6.8 kwa mwaka bila kondomu, badala ya 6.2 walizokadiria zingekuwepo kama watu wangebaki gizani. Magonjwa ya ngono hayakuongezeka kwa kiwango cha kuonekana, wala mimba.

Sitaki kuipamba tofauti hiyo ya nje ya ndoa. Ipo, na mzee wa barazani ana haki ya kuiona. Lakini aione kwa ukubwa wake: haifiki hata tendo moja kwa mwaka. Halafu atazame ile hesabu nyingine, mara 6.2. Hizo zilikadiriwa kuwepo hata kama mtu asingeambiwa lolote. Ruhusa haikutoka kwenye kidonge. Wanaume wale walikuwa wameshajiruhusu, kimya kimya, kama wanavyojiruhusu wengine wengi wasiomeza chochote.

Jambo moja zaidi kuhusu Thika na Tororo. Watu wale hawakutupiwa kopo dirishani. Kila mwezi walirudi kituoni, wakakaa na mnasihi, wakapewa kondomu, wakatibiwa magonjwa ya ngono. Kilichopimwa pale kilikuwa kidonge pamoja na mazungumzo. Anayetaka kutoa kidonge bila mazungumzo asitegemee matokeo yale.

Mbali na hapa picha si ile ile moja. Utafiti wa iPrEx uliotangazwa mwaka 2010 ulihusu watu 2,499 katika nchi 6, wengi wao wanaume wanaokutana kimwili na wanaume, na humo waliripoti wapenzi wachache zaidi na kondomu nyingi zaidi kadiri muda ulivyokwenda. Australia ikaonesha upande mwingine. Dawa ilipogawiwa kwa wingi Sydney na Melbourne, wanaume wa kundi hilo hilo waliokuwa wakitumia kondomu kila mara na wapenzi wa kupita walishuka kutoka asilimia 46 mwaka 2013 hadi 31 mwaka 2017. Na San Francisco, katika kliniki za taasisi moja kubwa ya bima, watumiaji 657 walifuatiliwa: baada ya mwaka mmoja nusu yao walikuwa wameshapata ugonjwa mmoja au mwingine wa ngono. Hakuna hata mmoja aliyepata VVU.

Kwa hiyo anayesema dawa haibadilishi tabia kamwe, hasemi kweli. Inategemea ni mwanamume gani, anaishi wapi, na alikuwa akifanya nini kabla. Aliyechoka na kondomu kwa miaka 20 atapumua na kuiweka kando. Aliyekuwa haitumii kabisa hana cha kuweka kando, ila safari hii anapimwa. Na huyo wa pili ndiye anayetuhusu zaidi huku kwetu.

Pemba ina mfano wake wa karibu wa kumtuliza mwenye hofu, nao ni jando. Majaribio ya Kisumu na ya Rakai, Uganda, yaliyosimamishwa Desemba 2006 kwa sababu matokeo yalikuwa mazuri, yalionesha kwamba tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa kati ya asilimia 50 na 60. Wakati huo pia wakatokea watu wa kuonya kwamba wanaume wa Nyanza wakishatahiriwa watajiona chuma na kuanza kuhangaika ovyo. Waliofuatiliwa baadaye hawakuonekana kufanya hivyo. Huku Mtambile kila mwanamume amepita mikononi mwa ngariba au daktari tangu utotoni, na hakuna mzazi aliyewahi kufikiri kwamba amempa mwanawe leseni.

Tatizo halisi la dawa kinga liko kwingine, nalo halitangazwi sana kwa sababu halina utamu wa kashfa. Wanaume wanaiacha.

Hilo lilionekana tangu iPrEx. Kwa jumla kinga ilikuwa asilimia 44 tu, namba iliyowavunja moyo wengi. Damu zilipopimwa ikabainika kwamba wengi waliosema wanameza hawakuwa wakimeza. Kwa wale ambao dawa ilikutwa kweli kwenye damu, hatari ilikuwa chini kwa zaidi ya asilimia 90. Na tangu huduma hii ianze Afrika kusini mwa Sahara, takriban nusu ya wanaoianza huiacha ndani ya miezi 6. Wengine ni kichefuchefu na kuumwa kichwa kwa wiki za mwanzo, hali ambayo kwa wengi hupita. Wengine umbali wa kituo. Lakini iulize kliniki yoyote na utaambiwa habari ya kichupa.

Kichupa ni cha plastiki, cheupe, kina vidonge 30, na kinalia. Ukikitia mkobani na kutembea, kinacheza kama kayamba. Kinafanana na vile vya dawa za kufubaza VVU hata jirani hawezi kuvitofautisha. Sasa kichukue kichupa hicho ukipeleke dago. Wanaume wanalala pamoja katika kibanda cha makuti, mikoba inaning'inia kwenye mwamba mmoja, na kila mmoja anajua mwenzake ana shuka ngapi. Atakayekiona hatauliza. Atanyamaza, na mtu akirudi Pemba atakuta habari imetangulia nyumbani: fulani anaumwa. Au chukua nyumba yenyewe ya Mtambile, mke anapanga nguo za mumewe aliyetoka safari, mkono unagusa kopo. Nimefikiri sana kuhusu dakika hiyo. Mume akisema ni dawa ya ugonjwa, amejizulia maradhi. Akisema ni ya kujikinga, ataulizwa anajikinga na nani.

Mtu wa namna hiyo haogopi kwamba kidonge kitamfanya mzinzi. Anaogopa kwamba kitamsema. Na kwa kuwa kinga inategemea dawa kuwemo mwilini, kila siku anayoacha kopo nyuma kwa kuona haya ni siku ambayo kinga inazidi kumtoka, huku pengine mwenyewe akidhani bado anayo yote. Anayejidanganya hivyo ndiye wa kuogopewa, kuliko anayemeza.

Zanzibar kwa jumla imesalimika. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mwaka 1986, na hadi leo kiwango cha maambukizi kwa watu wote ni chini ya asilimia 1, wakati Tanzania nzima kwa watu wazima kilikuwa asilimia 4.4 katika utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023. Hatusemi basi kila mwanamume wa Mtambile ameze dawa. Mkulima wa karafuu anayelala kwake kila usiku na mkewe, wote wamepima, haihitaji. Lakini wastani wa visiwa unaficha. Tafiti za Zanzibar za mwaka 2011 na 2012 ziliwakuta na VVU asilimia 11.3 ya wanaojidunga dawa za kulevya na asilimia 19.3 ya wanawake wanaouza ngono. Kitengo Shirikishi cha UKIMWI, Homa ya Ini, Kifua Kikuu na Ukoma kimejenga kazi yake kwa kuzingatia hali hiyo, na huduma ya methadoni ilianza Kidongo Chekundu, Unguja, mwaka 2015.

Hapo nina hoja yangu. Wanawake wale wanaouza wana wanunuzi, na wanunuzi hawana jina katika orodha yoyote. Tunazungumza kuhusu "makundi maalumu", na mvuvi wa Kangani akisikia neno hilo anageuka nyuma kutazama linamhusu nani. Yeye ana mke, ana watoto, swala zake hazimpiti. Hata kama yanayompata Shimoni, pwani ya Kenya, au Tanga ni yale yale yaliyowapata wenzake, hawezi kwenda dirishani na kusema: nami niandikeni katika kundi hilo. Jina la huduma limeshamfungia mlango kabla hajaugonga.

Na Mpemba ni mtu wa safari kuliko Waswahili wengi. Dar es Salaam duka la mtaani huitwa "kwa Mpemba" hata kama mwenyewe ametoka kwingine. Pwani ya Kenya wavuvi wa Kipemba wamekaa Kwale na Kilifi kwa vizazi, hata mwaka 2023 serikali ya Nairobi ikawatambua rasmi kuwa mojawapo ya jamii za Kenya na kuanza kuwapa vitambulisho. Mtu huyu anatoka kisiwa chenye maambukizi machache sana na kwenda kukaa miezi mahali penye maambukizi mengi zaidi, bila mke, bila sheha anayemjua, bila mama yake kumuona. Hakuna anayehitaji kumhukumu ili kuiona hatari hiyo. Ni hesabu tu.

Kuna faida nyingine ya kidonge ambayo sijaisikia ikitajwa vya kutosha. Kinampeleka mwanamume hospitali akiwa mzima. Mwanamke ana kliniki ya ujauzito, ana kliniki ya mtoto, anapimwa presha na damu na VVU hata kama hakuomba. Mwanamume huenda akibebwa. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta kwamba miongoni mwa watu wazima wenye VVU, wanawake waliokuwa wakijua hali zao walikuwa asilimia 55.9 na wanaume 45.3, na ndiyo maana mwaka 2018 ikazinduliwa Dodoma kampeni ya Furaha Yangu iliyowalenga wanaume hasa. Anayetumia dawa kinga anakaa mbele ya mhudumu mara 4 kwa mwaka. Anapimwa, anatazamwa kaswende, anaulizwa maisha yake yanakwendaje na mtu ambaye kazi yake si kumtangaza. Wapo wanaume ambao hawajawahi kuulizwa hivyo tangu wabaleghe. Kama tabia itabadilika mahali, naamini ni kwenye kiti hicho.

Mwaka 2025 kiti hicho kilitikiswa. Marekani, ambayo kupitia mpango wake wa PEPFAR ilikuwa ikigharimia sehemu kubwa ya dawa hizi Afrika, ilisitisha misaada Januari, na ilipolegeza Februari ikaruhusu dawa kinga kwa fedha zake kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Wanaume wote wakawa nje ya mlango, kwa waraka mmoja. Sijui kama waliouandika walifikiria kwamba mwanamke mjamzito huambukizwa na mtu.

Mwaka huo huo ikaja habari ya upande wa pili. Sindano ya lenakapavir, inayochomwa mara 2 tu kwa mwaka, iliidhinishwa Marekani mwezi Juni, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Julai. Katika majaribio, wanawake 2,134 wa Uganda na Afrika Kusini waliochomwa hakuna aliyeambukizwa. Katika jaribio la pili, lililokuwa na wanaume wengi, walioambukizwa walikuwa 2 kati ya 2,179. Nilipozisoma namba hizo sikufikiria maabara. Nilifikiria mkoba. Sindano hailii, haihitaji kufichwa chini ya mto, na haina lebo ya kusomwa na mwenzako wa kibandani.

Upatikanaji wake huku na bei yake, hilo ni la wizara na wafadhili. Lakini mambo mengine hayangoji. Shirika la Afya Duniani linakubali sasa kwamba mwanamume, asipokuwa na homa ya ini aina ya B, anaweza kutumia dawa kinga kwa kipindi cha hatari tu: vidonge 2 kati ya saa 2 na 24 kabla ya kukutana, kisha 1 kila siku hadi siku 2 baada ya mara ya mwisho. Kwa mtu wa safari za msimu, utaratibu huo ni kama umeshonwa kwa kipimo chake, mradi aelezwe vizuri na mhudumu kabla hajaondoka. Na upo pia msaada wa aliyechelewa: dawa ya siku 28 inayoanzwa ndani ya saa 72 baada ya tukio, nayo wavuvi wengi hawajawahi kuisikia.

Kaskazi itaanza kuvuma tena, na yule mwenye mkoba atasimama pale njia panda kungoja gari ya Mkoani. Safari yake ni ya miezi. Akipewa vidonge vya siku 30, vitamwishia Shimoni, na itabidi amweleze mtu asiyemjua, katika nchi nyingine, kwa nini anavitaka. Akipewa vya siku 90, na mhudumu akajaza pamba juu ya vidonge kabla ya kufunga kifuniko, atapanda gari na mkoba wake kimya, na mkewe, aliyekaa naye mbele ya mnasihi wiki iliyopita, atakuwa ameshajua kilichomo.